Bunduki ya Kukodisha ya Ardith

Shemeji yangu Virgil Stamper ana kigoda chake katika duka la bunduki la Orville Beck, na ole wako ukikikalia. Kila Jumamosi tangu astaafu kuendesha lori la gesi, saa tatu asubuhi yupo pale, kahawa ya bure mkononi, tumbo limetangulia, anasubiri mtu aingie na swali. Hata ukija kununua kichupa cha mafuta ya kusafishia tu, umekwisha. Utatoka humo saa tano, umeshaambiwa maoni ya Virgil juu ya kila bunduki iliyowahi kutengenezwa na binadamu, na mafuta yenyewe umesahau kununua.

Hapa kwetu Missouri wanaume wa namna hii wapo tele, siwezi kusema dada yangu aliokota kioja peke yake. Ila Virgil amezidi. Alikuwa na bunduki kumi na moja ndani ya kabati la chuma, na hakuna hata moja aliyoiacha kama ilivyotoka kiwandani. Akinunua leo, kesho ameitandaza kwenye meza ya gereji, anatoa springi hii anatia ile, anakwangua hapa, analainisha pale. Halafu risasi zenyewe anajishindilia mwenyewe kwa mashine yake, kwa maganda anayookota uwanjani huku kainama kama kuku. Za dukani anaziita za watu wasiojua kitu. Ukimuuliza kama bunduki fulani inategemeka, atakwambia, "Hiyo? Kabisa!" Kumbe ameipiga risasi ishirini tu, akiwa amekaa, siku ya jua, na saba kati ya hizo zilikwama.

Dada yangu Ardith ni mtu wa maneno machache, sijui alimpenda kwa nini, na sasa tumechelewa kuuliza. Ana mbuzi thelathini na wawili. Alianza na wawili tu mwaka ule watoto wao walipoondoka nyumbani, miaka kumi na tisa iliyopita, na kila mmoja anamjua kwa jina, kwa mama yake na kwa tabia yake mbaya. Mwaka juzi aliteleza kutoka darini kwenye nyasi kavu, akavunjika bega la kulia, wakamfanyia upasuaji, wakamtia vyuma. Tangu siku hiyo ile bunduki kubwa ya baba yetu haiwezi. Inampiga teke mpaka machozi yanamtoka.

Koyote, wale mbweha wakubwa wa huku kwetu, hawana habari na bega la mtu. Majira yale ya kuchipua walimchukulia vitoto vitatu, tena mchana kweupe, wakati Virgil yuko kwenye kigoda chake anawafundisha watu kulinda familia.

Siku moja tulipokuwa tunakula mikate na mchuzi wa soseji nyumbani kwao, Ardith aliweka uma chini.

"Virgil, nataka kitu kimoja tu," akasema. "Bunduki fupi, ya kula risasi za bastola, isiyoniumiza bega. Nikivuta, ilie. Basi."

"Karabini," Virgil akasema, macho yanamng'aa. "Mke wangu, hapo umemwambia mwenyewe. Niachie mimi."

"Na nisikilize vizuri. Nikipoteza mbuzi jike hata mmoja, nawapakia wote kwenye trela nawapeleka mnadani. Nimechoka kuzika."

Mimi niliyeijua sauti ile tangu utotoni niliacha kutafuna. Ardith hatishii mtu. Akisema atafanya, amefanya. Virgil alikuwa ameshachukua kalamu anaandika majina ya bunduki kwenye kitambaa cha mezani cha karatasi.

Miezi minne, jamani! Miezi minne mwanamume mzima anachagua bunduki ya kumfukuzia mnyama mwenye kimo cha mbwa. Alinunua daftari. Akaenda maonyesho mawili ya bunduki, akarudi na vipeperushi na fulana. Sharti lake la kwanza, magazini ya bastola yake, kile kikasha cha kutilia risasi, lazima iingie kwenye hiyo karabini.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Maxine, wewe hujui mambo haya. Siku ya hatari, mnabadilishana magazini."

"Hatari gani, shemeji? Ardith ana koyote, hana vita. Na hiyo bastola yako huwa inashinda zizini?"

"Wanawake bwana," akamwambia mbwa wake.

Mwishowe akaleta. Lo! Kitu cheusi, kina tochi, kina darubini ndogo, kina mshikio wa mbele, kina mshikio wa mshikio. Tukaenda nacho uwanja wa shabaha nyuma ya duka la Orville. Ardith akalenga, ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, ya tatu ikakwama imeinua pua. Virgil akaitoa. Ya tano ikakwama. Akaitoa. Watu wakaanza kusogea kutazama, na yeye akaanza kutoka jasho shingoni.

"Bado ngeni," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Hizi lazima zipigwe risasi mia tano kwanza ndipo zizoee."

"Mia tano!" nikasema. "Na koyote je, tuwaandikie barua wasubiri?"

Mzee mmoja alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Virgil akanikata jicho.

"Ni risasi za dukani hizo. Ingelishwa zangu..."

"Ulizotia ni zako," Ardith akamwambia.

Orville Beck, mwenye duka, si msemaji. Sijui tangu lini amejifunza kunyamaza, nadhani tangu Virgil alipopata kigoda. Alimwita Ardith kwa kidole, akampeleka kwenye ubao zinakoning'inia bunduki za kukodisha, zile ambazo wageni hulipia kidogo wazichezee uwanjani, na akashusha moja. Mbaya wa sura! Kitako kimekwaruzwa kote, rangi ya mtutu imelika, mahali pa mkono pamefungwa utepe wa kijivu. Haina tochi, haina darubini, haina chochote ila kinachohitajika.

"Hii iko hapa miaka sita," Orville akasema. "Imepigwa na walevi, na maharusi, na watu ambao hawajawahi kushika bunduki. Naisafisha nikikumbuka."

"Inakwama?"

"Mara mbili. Mara zote mbili ni risasi za Virgil."

Ardith hakucheka. Akanunua maboksi yale yale ya risasi za dukani ambayo angeyaweka nyumbani, akapiga hamsini. Jumamosi iliyofuata akarudi, akapiga hamsini nyingine amesimama. Ya tatu akapiga mia, akitumia mkono wa kushoto pia, kwa sababu ya bega. Mia mbili, na zote zikalia. Ndivyo anavyochagua mtu mwenye akili. Hakusoma kipeperushi, hakumuuliza mtu wa kwenye kigoda. Alikichukua kitu chenyewe, kwa mikono yake, kwa risasi zake, akakiuliza swali moja mara mia mbili.

Virgil alikuwa hoi. "Mke wa Virgil Stamper abebe bunduki ya kukodisha? Kila mtu kaishika! Watu watasemaje?"

"Watasema imelia," Ardith akajibu, na akamwambia Orville aifunge, anainunua.

Akaitundika juu ya mlango wa chumba cha kukamulia. Wiki ya kwanza tu akamwangusha koyote mmoja penye ua wa mashariki, hatua arobaini, risasi moja. Wenzake wakaelewa somo. Miezi miwili tukakaa kwa amani, vitoto vikawa vinarukaruka juu ya matangi kama vile duniani hakuna meno. Ardith alikuwa anaimba tena akikamua, na dada yangu haimbi ovyo.

Unajua Virgil alikuwa anafanya nini wakati huo? Anawaambia watu dukani kwamba yeye ndiye aliyeichagua. Haki ya Mungu. Nimemsikia kwa masikio yangu. "Nilimwambia Ardith, usitazame sura." Orville nyuma ya kaunta akawa anafuta kioo ambacho hakina vumbi.

Na laiti angeishia kwenye kusema uongo. Uongo wa Virgil haujaua mtu. Lakini mikono yake ilikuwa inamuwasha. Bunduki moja ndani ya boma lake, na yeye hajaigusa! Jumatano moja Ardith alipokwenda mazoezi ya kwaya, bwana akaishusha, akaitandaza kwenye meza ya gereji, akatoa springi inayosukuma pini ya kupigia risasi, akatia nyingine nyepesi, ili eti kifyatuo kiwe laini kwa kidole cha mke wake. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yao ilikuwa inakaribia. Ilikuwa zawadi! Alitaka aje amshtukize.

Akaijaribu pia, usidhani hakujaribu. Risasi kumi, zote zikalia, akajipiga kifua peke yake humo gereji. Kumi za kwake, za kushindilia, ambazo fataki zake za nyuma, pale pini inapogonga, ni laini kama siagi. Za dukani, alizokuwa nazo Ardith, fataki zake ni ngumu, zinataka kupigwa kisawasawa. Mtu aliyekaa miaka minane akiwafundisha wengine hilo hilo hakulikumbuka siku moja aliyohitaji kulikumbuka.

Ijumaa asubuhi, saa mbili hivi, nilikuwa njiani kumpelekea Ardith mitungi ya kutilia jibini. Nilisikia mbuzi kabla sijafika getini. Nikamwona dada yangu amesimama katikati ya uwanja, bunduki begani, imara kabisa, na koyote yuko mbele yake kamng'ang'ania Dahlia shingoni. Dahlia ndiye jike kiongozi wa kundi, mjukuu wa wale wawili wa kwanza. Ardith akavuta. Tik. Akavuta mkono wa bunduki wa pembeni, ikaingia risasi nyingine. Tik. Akarudia. Tik.

Alitupa bunduki chini akaokota reki, akakimbia, kwa bega lile lile akampiga yule mnyama mpaka mpini ukavunjika. Koyote akaenda zake. Dahlia alikufa mchana, kichwa kikiwa mapajani mwa Ardith, na vitoto vyake viwili vimesimama pembeni vinalia njaa.

Virgil alirudi saa nane. Nilimwona akiitazama ile bunduki mezani, na zile risasi tatu zenye vidoa vidogo mgongoni, hafifu, kama vile zimeguswa na kucha. Uso ukamgeuka rangi. Alikuwa anajua. Kwa mambo ya bunduki si mjinga, na hapo ndipo ninapochoka naye zaidi.

"Niliilainisha tu," akasema. "Kwa ajili ya kidole chako, mpenzi. Ilikuwa ni zawadi."

"Ebo!" nikasema. "Zawadi! Si ungemnunulia maua, wewe mtu!"

"Maxine, nyamaza," Ardith akasema.

Kesho yake, Jumamosi, alinipigia simu nije nimsaidie kupakia. Nilifika nimevimba macho. Trela limeshafungwa nyuma ya gari, mlango wa nyuma uko wazi, mbuzi wote waliobaki wamekusanywa zizini. Virgil amesimama kwenye ngazi za baraza na viatu vyake vya kwendea dukani, hajui aondoke au akae.

"Nilikwambia nikipoteza jike mmoja, trela hili litaondoka limejaa," Ardith akamwambia. "Litaondoka limejaa. Ila wewe ndiye mjuzi wa kuchagua. Haya, chagua. Mbuzi wangu au kabati lako."

"Ardith, mama..."

"Sikiliza. Miezi minne sina. Saa nne Orville anafungua mlango wa nyuma wa duka kupokea bunduki."

Mimi nilidhani ataanza hotuba. Badala yake akaangalia zizi, akaangalia trela, akaangalia pale chini ya mti ambapo udongo ulikuwa bado mbichi. Kisha akaingia ndani, na nikasikia ufunguo wa kabati. Alizitoa mwenyewe, moja moja, amezifunga kwenye blanketi, zote kumi na moja na ile nyeusi ya kumi na mbili. Nilitazama saa yangu. Ilimchukua dakika tano kuamua, na katika maisha yote ya Virgil Stamper sijawahi kuona achague kitu haraka hivyo, wala vizuri hivyo.

Orville alizinunua zote. Kwa zile fedha Ardith akajenga ua wa nyaya mrefu kuzunguka malisho yote, na ile bunduki mbaya ikarudishiwa springi yake ya kwanza, akaipiga tena mia mbili za dukani kabla hajakubali kuitundika.

Virgil bado ana kigoda. Hana tena bunduki ya kuzungumzia, kwa hiyo sasa anazungumzia ua. Mimi nilimletea dada yangu kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ya kung'aa, akapaka tone moja juu ya kila skrubu ya ile bunduki, kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye chuma chenyewe. Mtu akiizungusha hata kidogo, rangi inapasuka. Kila Jumapili tukitoka kanisani anaishusha, anavaa miwani, anazikagua zote moja baada ya nyingine, na Virgil anakaa mezani mikono yote miwili juu ya kitambaa, ambapo tunaiona.