Jani la Isale Ukurasa wa Mbele

Enzi zile za ruksa magazeti yalizidi meza za kuyauzia. Zamani tulikuwa na la serikali na la chama, ukisoma moja umesoma yote. Sasa kila wiki likazuka jipya, na mimi nikashangilia, nikidhani hatimaye tutaambiwa ukweli. Weee!

Mama yangu, Mchaga aliyeolewa Arusha, alikuwa akiuza maziwa ya mgando nyumbani kwetu Sekei. Baba alipofariki, maziwa hayo ndiyo yaliyotulisha na kutusomesha. Siku moja kuku wa jirani, Mchaga mwenzake, wakaingia kwenye mchicha wetu, na mama akamtolea jirani maneno mazito mno. Kesho yake moyo ukamsuta. Kwa Wachaga ukimkosea mtu unampelekea jani la isale lililofungwa fundo, naye akilipokea hawezi tena kukunyima msamaha. Mama akatoka nalo mkononi mchana kweupe. Jirani akasamehe, wakanywa chai.

Kumbe njiani mwandishi mmoja wa gazeti, mgeni mjini, alikuwa amempiga picha. Hakuuliza lolote. Jumatatu tukamkuta mama ukurasa wa mbele, na juu yake herufi kubwa: MCHAWI WA SEKEI NA JANI LA KIFO.

Kibaya zaidi, watu waliamini, maana si limeandikwa gazetini? Wanawake waliokunywa maziwa ya mama miaka nenda, miaka rudi, wakawa wanapita wakitazama upande wa pili. Jirani alizunguka nyumba hadi nyumba akieleza habari ya isale. Wakamwambia naye keshalishwa uchawi. Sisi tukawa tunamwaga maziwa kila jioni.

Mama akajifunga khanga kiunoni, akabeba kibuyu cha maziwa na kikombe. "Twende huko kwao," akaniambia.

Ofisi ya gazeti ilikuwa ghorofani, jirani na stendi. Mhariri, bwana mnene mwenye tai, akainuka kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba yangu huipati leo," mama akasema.

Nikamweleza maana ya isale, tangu fundo hadi msamaha. Akacheka, mshenzi yule! "Dada yangu, hii ni biashara. Mama kaenda kuomba msamaha, nani atanunua?" Akaahidi kuweka masahihisho madogo, ukurasa wa ndani, chini ya matangazo ya vifo.

"Picha yangu mliiweka wapi?" mama akauliza.

"Mbele."

Mama akamimina maziwa kikombeni, akamsogezea. "Kunywa."

Nilitaka aogope. Kweli kabisa, niliomba mkono wake utetemeke, kwa sababu mjinga aliyeamini alichokichapisha ningeweza kumwonea huruma. Lakini bwana yule alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akayagugumia maziwa yote, akajifuta midomo.

"Asante mama. Matamu kweli."

Mama akamkazia macho. "Kwa hiyo ulijua," akasema polepole. "Siku ile unachapisha, ulikuwa unajua."

Bwana yule akaanza kupangapanga karatasi zake mezani. Mama akavuta kiti cha wageni, akakaa, kibuyu mapajani.

"Basi andika kwamba umeyanywa na hujafa. Ukurasa wa mbele, kwa herufi zilezile. Mimi siondoki hapa."

Nikavuta kiti kingine, nikakaa.