Kamba ya Mzee Luhende

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa niwe nimeisahau. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Umri wangu haukufika thelathini. Nilikuwa na koti jeupe, filimbi shingoni na majivuno tele. Wewe unanijua mpole. Waliofanya kazi chini yangu wangekucheka.

Amri yangu ilikuwa moja: mashine haisimami mpaka mimi niseme. Zamu yetu ilishindana na nyingine kwa marobota, na mashine ikisimama hata dakika moja niliona wenzetu wanatupita. Kwa hiyo pamba ikikwama, wafanyakazi waliichokoa kwa mkono huku mashine inanguruma. Tulijua ni hatari, ila tulishazoea.

Palikuwa na mzee mmoja, Luhende, mkulima wa Isaka aliyekuja kufanya kazi msimu wa pamba. Nje ya geti nilimwamkia shikamoo kama mtoto aliyelelewa vizuri. Ndani ya geti nilisubiri yeye anisalimie. Asubuhi hiyo alinifuata, kofia mkononi, akanieleza kwamba kikundi chao kikilima, wote katika mstari mmoja huku ngoma inapigwa, anayekuta kisiki huinua jembe juu. Ngoma inanyamaza, wote wanasimama, kisiki kinang'olewa, na mwaka unaofuata hakimsumbui mtu. Akaomba tufunge kamba kutoka kila mashine mpaka kwenye kengele, pale alipokaa fundi wa swichi ya kuzimia mashine, ili yeyote anayeona tatizo aivute. Tena alikuwa ameshagundua kwamba mashine yake, ya tatu, hukwama zaidi kwa sababu pamba yake hupita bila kutolewa vijiti.

Ilikuwa kazi ya nusu siku, na kamba tulikuwa nazo. Badala yake nikamwambia mbele ya watu, "Mzee, hapa si shambani. Wewe umekuja kutumia mikono. Mambo ya kufikiri niachie mimi."

Watu walicheka, kwa kuwa niliwakodolea macho mpaka wakacheka. Luhende akavaa kofia yake, akarudi kazini.

Kabla ya chakula cha mchana mashine ya tatu ilikwama. Luhende akaingiza mkono, kama nilivyotaka wote wafanye. Nilisikia ukelele wake nikiwa upande wa pili wa jengo, nikapiga filimbi, lakini kwa kelele zile fundi hakuisikia. Mpaka nikimbie nifike kwenye swichi, vidole vinne vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekatika.

Wiki iliyofuata nilifunga kamba. Tukaanza kutoa vijiti mapema, na kila jioni niliwauliza wafanyakazi kilichowakwamisha siku hiyo, tukakirekebisha. Mwanzoni mashine zilisimama mara nyingi, halafu mara chache, na marobota yakaongezeka. Meneja akaja kunipongeza mbele ya zamu zote, akasema ile ndiyo akili ya kijana msomi. Mwanangu, nilimpa mkono, jina la Luhende sikulitaja. Naona aibu mpaka leo.

Miaka miwili baadaye nilikwenda Isaka kumwomba radhi. Aliitikia shikamoo yangu, akanipa kiti, mkewe akaleta maziwa. Nikamweleza yote, hata zile pongezi nilizomwibia. Akauliza jambo moja tu: "Kamba bado ipo?" Nikasema ipo. "Basi wengine watabaki na mikono yao," akasema, kisha akaanza kuzungumzia ng'ombe wake. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza.

Sasa wewe unakwenda Geita kusimamia watu kwenye karakana. Anayeishika mashine kutwa anaijua kuliko wewe unayepita na daftari. Muulize kila siku, na akikujibu rekebisha japo jambo dogo, kesho lingine. Mpe ruhusa ya kusimamisha kazi bila kukuogopa. Wazo lake likifaa, taja jina lake siku hiyohiyo, mbele ya wote, yeye mwenyewe akisikia. Mimi namtaja Luhende leo, naye yuko kaburini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo wa kusikiliza, na kila uliye naye kazini arudi kwao mzima.