Babu alivyokataa "kusalimisha" gobore lake

Wakuu, poleni na mihangaiko. Leo sina swali, nina shukrani. Haya yametokea nyumbani kwetu na sijaongeza chumvi.

Mimi ni bodaboda wa Sombetini (ndoto yangu ni kuwa tour guide, msicheke). Babu anaishi Olmotonyi, shamba lake limepakana na msitu. Miaka yote ana gobore la kufukuzia nyani kwenye mahindi. Halina kibali. Lilikaa darini, juu ya kitanda cha watoto wa dada yangu wanaoishi naye.

Juzi likapita gari la matangazo: mwenye silaha haramu aisalimishe kwa hiari, hatashtakiwa.

Nikamwambia babu tulitoe. Akagoma.

"Nisalimu amri kwani nimepigana na nani?"

Kumbe lile neno "kusalimisha" ndilo lililomuuma.

Nikasema, "Babu, likilipuka je? Wenzetu Marekani wanashtaki mpaka viwanda vya bunduki."

"Hili fundi alilitengeneza kwa bomba la maji, na ameshafariki. Kashtaki kiwanda cha mabomba."

Nilicheka, ila amani sikuwa nayo. Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji. Akanionya nisithubutu kulibeba kwenye pikipiki, atakuja na askari. Hapo nikajua nimemponza mzee.

Mtendaji akaja na afande wa kike. Afande akaamkia, "Shikamoo babu." Akakaa, akanywa chai, akauliza habari za mahindi. Gobore hakulitaja.

Babu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Umekuja kunisalimisha?"

"Hapana babu. Nimekuja tuliweke salama. Kusalimisha ndiko huko."

Babu akanyoosha kidole darini.

Afande akalishusha mwenyewe taratibu, akatoka nalo nje, akapima mtutu kwa kijiti. "Babu, hili limeshindiliwa."

"Sasa lisiloshindiliwa linamtisha nani?"

Hakuna aliyecheka. Baruti na vipande vya nondo, juu ya watoto waliolala. Babu mwenyewe ni kama ndiyo kwanza anasikia alichokisema. Akawaita wale watoto, akawashika vichwa.

Afande aliondoka nalo, na babu hajashtakiwa. Nyani siku hizi wanafukuzwa kwa kupiga debe, na mahindi wanayala kidogo. Acha wale.

Nilichojifunza: ukiwa na mzee mwenye kitu kama hicho, usimtishe. Mtafutie mtu wa kuongea naye kwa heshima. Nawashukuru sana mtendaji na yule afande.

Naomba maoni yenu wakuu. Lingelipuka, wa kulaumiwa angekuwa nani: fundi aliyelitengeneza, babu, au ukoo mzima tuliokuwa tunajua liko pale?