Nyumba Niliyoanza na Mkeka

Mwaka uliofuata uhuru, mimi na mume wangu tulihama kwa wazazi wake Bondeni tukapanga ghorofa ya juu Mji wa Kale. Tulikuwa na godoro, mkeka na vyombo vya kupikia, basi. Haikupita wiki, mavyaa, mama wa mume wangu, akaja na hamali aliyebeba kabati kubwa la kioo kwenye mkokoteni.

"Wageni wakija wataona nini?" aliniuliza. "Watasema mwanangu amekuoa aje akulaze chini."

Sikuwahi kumkatalia neno kabla ya siku hiyo. "Nakushukuru, Mama. Lakini nyumba hii bado siijui. Niache nikae nayo kwanza."

Akamwamuru hamali alirudishe, akaondoka bila kuniaga. Jioni mume wangu alinisihi nikamtake radhi. Nilikwenda, nikamtaka radhi. Kabati sikulipokea.

Miezi ikapita, wageni wakinywea kahawa mkekani, nami nikichunguza jua linaingia wapi na upepo unapita wapi. Msimu wa joto mavyaa alikuja adhuhuri, ametota jasho. Nilimtandikia mkeka chumba cha nyuma, akalala hadi alasiri.

"Hapa pana upepo kuliko kwangu," alisema alipoamka.

"Hapa ndipo nitakapoweka kitanda, Mama."

Aliukunja mkeka, kisha akasema, "Basi kesho nitakupeleka kwa fundi seremala. Mbao utachagua mwenyewe."

Kitanda kilipatikana kabla ya Ramadhani. Viti vilingoja mpaka mtoto wetu wa kwanza akaanza kutembea.