Siku Tulipoposa Shule

Faili langu lilirudi na maneno mawili ya Kifaransa pembeni: *dossier faible*. Faili dhaifu. Chini yake mtu mwenye huruma alikuwa ameongeza kwamba naweza kuliimarisha kabla ya mahojiano, na kwamba sisi wa upande wa Gisenyi tungehojiwa Nyundo, kwenye darasa moja la kuazima wakati wa likizo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na shule hiyo ya biashara ilikuwa imefunguliwa Kigali juzijuzi tu. Niliitaka kwa uchu. Nilikuwa nimemaliza sekondari Goma kabla familia yetu haijarudi Rwanda, na tangu hapo nilikuwa nikivuka mpaka na kabichi na karoti za mashamba ya Cyanzarwe kwenda kuziuza Goma. Mama alikuwa ameshasema wazi: nikikosa mwaka huo, habari ya kusoma iishe, nitulie.

Mama huyohuyo ndiye aliyelipokea lile faili, akalipima kwa kiganja.

"Wanasema kweli," akasema. "Iko nyepesi. We ulipeleka karatasi tatu tu! Tuinenepeshe."

Tukalinenepesha. Tukatia cheti cha ubatizo na cha kipaimara, barua ya konseye, yaani diwani wa sekta, ya kuthibitisha kwamba sijawahi kupigana na mtu, kadi ya chanjo, na hati ya kwaya iliyosema naimba sauti ya pili bila kuchelewa mazoezi. Mama alipenda mihuri. Karatasi isiyo na muhuri kwake ilikuwa porojo, na kadi ya chanjo ilimfurahisha kuliko zote kwa sababu ilikuwa na mihuri mingi. Faili likavimba hadi likahitaji kamba.

Kitu ambacho hatukukigusa ni barua yenyewe, ile ya kujieleza. Nilikuwa nimeandika kwamba mimi ni binti mnyenyekevu anayeheshimu wakubwa, basi. Kwetu mtu hajisifu. Akijisifu, watu wanatazamana. Sifa zako zinasemwa na wengine, nawe umeinamisha kichwa. Kwenye fomu, mahali palipoulizwa kazi yangu, nilichora mstari, kwa maana nani anaita kabichi kazi? Kazi ilikuwa meza, kiti na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Ndipo akaja mjomba, kaka yake mama. Mjomba alijulikana pande zote mbili za mpaka kama msemaji wa harusi. Kwetu kijana hajiposei mwenyewe. Upande wake unakuja na msemaji, upande wa binti unaweka wa kwao, na hao wawili wanavutana kwa maneno mbele ya wageni wote. Wa binti anajifanya haelewi mmefuata nini, anamtia kijana wenu dosari za kubuni. Wa kijana anabembeleza na kupamba, mpaka "tumewapa" isemwe na watu wapige makofi. Mjomba hakuwahi kurudi mikono mitupu. Hilo alilisema mwenyewe, maana msemaji ndiye peke yake aliyeruhusiwa kujisifu.

Akalitazama faili, akalisukuma pembeni.

"Hii ni makaratasi tu. Faible maana yake hakuna mutu nyuma yako. Mi nitakuja."

"Mujomba, ni mahojiano. Wananiita peke yangu."

"Peke yako? Unaenda kuomba kitu kikubwa peke yako kama mwizi?"

Nilikasirika, nikatoka, nikabamiza mlango wa jikoni. Lakini niseme ukweli, nusu ya hasira ile ilikuwa ya kujionyesha. Nilikuwa naogopa kwenda mwenyewe.

Siku ilipofika, mjomba alivaa suti yake ya harusi na mama akavaa mushanana, lile vazi la kufunga begani ambalo halitoki kabatini bila sherehe. Tulipofika Nyundo, mama alibaki barazani. Mimi na mjomba tukaingia, tukaketi kwenye dawati la watoto, magoti yake yakiwa karibu kufika kidevuni. Mbele yetu walikuwa watu wawili. Mwalimu mkuu wa shule hiyo ya biashara alikuwa mama wa Kitanzania, na ni kwa ajili yake tuliongea Kiswahili, maana yeye hakuwa na Kifaransa wala Kinyarwanda, nami sikuwa na Kiingereza. Wa pili alikuwa Mnyarwanda wa makamo, mwalimu wa uhasibu, miwani imemshuka puani.

"Karibu, binti," alisema mwalimu mkuu. "Na mzee huyu?"

Mjomba alikuwa ameshasimama, kofia mkononi.

"Tunawasalimia sana. Sisi ni watu tumetoka mbali." Tulikuwa tumetoka mjini Gisenyi, safari ya muda mfupi tu. "Tumesikia hapa kwenu iko binti muzuri sana, jina yake ni Shule. Donc, mutoto wetu amemupenda. Tumekuja kumuomba."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini.

"Samahani, mzee. Wewe ni mshenga?"

Lakini yule mhasibu alikuwa amevua miwani, na niliona maneno yale yamemshika. Mwanamume wa kwetu akichokozwa hivyo hawezi kunyamaza.

"Bon," akasema. "Binti tunaye. Lakini nyinyi ni nani hasa? Tumesikia mutoto wenu ni mvivu. Wamemuuliza kazi, amechora mustari."

"Mvivu!" Mjomba aling'aa. Hilo ndilo alilokuwa akilingoja. "Huyu mutoto alianza na kabichi moja. Moja! Leo Goma yote inakula kwake. Wanawake wa Cyanzarwe, akisema simameni, wanasimama. Akisema tembeeni, wanatembea. Na hasara hajui hata rangi yake!"

Ile kabichi moja nilikuwa nimeivumilia. Hasara ilinishinda.

"Mujomba, hapana. Unadanganya."

Msemaji hakatizwi, na mtoto hamwambii mjomba wake mbele za watu kwamba anadanganya. Ila lilikuwa limeshatoka, na mimi nikishapanda sijui kushuka.

"Hasara tulipata, tena kubwa," nikasema. Nikawaeleza. Sisi wauza kabichi sote tulikuwa tunavuka asubuhi moja kwenda soko moja, bei inaanguka, na kufika mchana kabichi zilikuwa zinaliwa na mbuzi. Nikawashawishi wenzangu tuvuke kwa zamu. Wiki ya kwanza nusura wanipige. Waliobaki waliwaona wenzao wakirudi na sabuni na sukari, huku kabichi zao zinageuka manjano mlangoni. Siku chache baadaye wote wakavuka kwa pamoja, ikawa mbaya kuliko mwanzo, na mimi ndiye niliyetukanwa njia nzima ya kurudi. Nililia wiki nzima. Kisha nikarudi kwao na mpango mwingine: anayevuka abebe na mzigo wa jirani yake, auze kama wake, na zamu ikigeuka atabebewa naye.

"Hiyo ikashika?" mwalimu mkuu akauliza.

"Imeshika mpaka leo."

"Kwa nini hii, na ile ya kwanza isishike?"

"Kwa sababu mtu habaki nyumbani kwa ahadi. Anabaki akiona kabichi zake zimeondoka."

Mwalimu mkuu akalivuta faili. Kisha akaifungua ile kamba, akapita ubatizo, akapita chanjo na kwaya, akaitoa barua yangu, akaigeuza upande mtupu na kunisogezea.

"Andika hayo. Anza na hasara."

Niliandika pale pale, kwa Kiswahili. Mjomba alikuwa ameketi, macho dirishani. Hakunitazama hata mara moja, nami niliumia, maana tangu baba afariki huyu ndiye aliyenisemea kila mahali.

Mwalimu mkuu alisoma, akampa mhasibu, wakanong'onezana. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba nafasi ipo na wananichukua.

Mhasibu hakuridhika na mwisho wa namna hiyo. Alisimama, akafunga vifungo vya koti, akamgeukia mjomba.

"Muzee, mumeomba vizuri. Tumewapa."

Mjomba akanitazama. Akatabasamu, kwanza kidogo, halafu kwa uso wote, akaanza kupiga makofi. Mhasibu akapiga, nikapiga, na mwalimu mkuu naye akapiga, akitutazama mmoja mmoja ajue ni kwa nini.

Huko barazani mama hakuwa amesikia neno hata moja. Lakini makofi aliyasikia, na maisha yake yote makofi ya namna ile yalikuwa na maana moja tu. Akapiga vigelegele mpaka mtunza bustani akaacha jembe, akaja mbio kuuliza ni harusi ya nani na bwana harusi yuko wapi.

"Ni huyu," mama akasema, akinivuta mkono nilipotokea mlangoni na sketi yangu ya kanisani, machozi yakimtoka. Safari hii sikumsahihisha mtu.