Betri ya Bibi Koleta

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Zamu alinivisha visikilizio masikioni, akanikalisha mbele ya swichibodi, ule ubao wa matundu na nyaya za kuunganishia watu kwa simu, kisha akasimama nyuma yangu kama mama mkwe. Nikachomeka waya, nikamsikia mtu wa Ngerengere akicheka na ndugu yake wa Dodoma, nami nikacheka nao. "Unganisha, toka," Msimamizi akaniambia. "Maneno ya watu si yako." Niliipenda kazi ile jamani. Nyinyi mnaobonyeza jina tu mkampata mtu hamjui raha ya kumtafutia mtu mwenzake.

Ukaja wakati wa soko huria. Mitambo ikaanza kujiunganishia yenyewe, sisi maopereta tukapunguzwa kazini, na kampuni binafsi za simu za mkononi zikafungua maduka mjini Morogoro. Nilibahatika kuajiriwa na mojawapo, nikawa Ofisa Huduma kwa Wateja. Cheo kikubwa, lakini kazi yenyewe ilikuwa kupanda Uluguru na begi la laini na chaja, nikiwafundisha watu kutumia simu za vitufe bila kuziharibu wala kujidhuru. Meneja wa Kanda, kijana aliyefunga tai hata jua likiwaka, alitukaririsha kila Jumatatu: radi ikianza, chomoa chaja, simu inayochajiwa usiilaze chini ya mto, simu ikilowa, toa betri kwanza ndipo uifute. "Na betri iliyovimba hairudi kwa mteja," alimalizia. "Ichukue hata akikulilia."

Nilidhani anatia chumvi, mpaka nilipofika kwa Bibi Koleta, Kinole.

Bibi Koleta alikuwa mjane mwenye mwana mmoja tu, Pius, aliyekwenda kusini kuchimba vito. Pius ndiye aliyemletea simu, wakakubaliana atapiga kila Jumapili baada ya misa. Nilimkuta uani akianika magome ya mdalasini kwenye bati, na katikati ya mdalasini, juani, ilikuwepo betri ya simu.

"Shikamoo bibi. Hiyo betri inafanya nini hapo?"

"Marahaba mwanangu. Inapata nguvu. Mvua ikinyesha naiweka pale kwenye mafiga."

Nilimwelewa mara moja. Huku milimani mawe ya redio yakichoka watu huyaanika juani, redio ikaimba siku mbili tatu zaidi. Hata mama yangu alifanya hivyo. Duka la kuchajia lilikuwa mbali, bondeni, na magoti ya Bibi Koleta hayakutaka tena kushuka. Lakini betri ya simu si jiwe la redio. Joto haliiongezei chaji, linaiua, na inaweza kupasuka na kuwaka. Hiyo ilikuwa imevimba kama andazi. Nikaiokota kwa kitambaa, nikaiweka mbali na nyumba.

Bibi akanishika mkono. "Usiichukue! Wiki ngapi sasa Pius hajaniita. Ukiondoka nayo hiyo, mwanangu atanipatia wapi?" Akaanza kulia, kilio cha chinichini cha mtu aliyekwisha kulia sana peke yake. Aliamini sauti ya mwanawe ilikuwa imebaki humo ndani, inahitaji jua tu itoke.

Nami machozi yakanilenga. Nikafungua simu yake, nikatoa laini, nikamwekea kiganjani. "Namba ya Pius imo humu bibi, kwenye hiki kidude. Betri ni chakula tu cha simu."

Simu zetu zilikuwa aina moja. Nikatoa betri yangu, nikaitia kwenye simu yake, tukaenda nyuma ya migomba, mahali pekee penye mtandao hapo nyumbani. Tukapiga. Iliita mara moja tu.

"Nani?" Sauti ilikuwa nzito, ya woga.

"Mimi mama yako!"

Tukasikia mwanamume mzima akilia. Kila Jumapili alipiga, akaambiwa namba haipatikani. Tayari alikuwa amefunga mizigo, aje kuonyeshwa kaburi.

"Kaburi la nani, we Pius?" Bibi alifoka huku machozi yakimtiririka. "Mimi nimeanika mdalasini!"

Betri yangu nilimwachia, ile iliyovimba nikaondoka nayo. Pius nikampa namba yangu, kwamba akimkosa mama yake anitafute mimi. Niliporudi ofisini, Meneja wa Kanda alikuwa amefura. "Ofisa wa simu siku nzima hapatikani kwa simu!"

"Ni kweli bosi," nikamwambia. "Aliyekuwa hapatikani sasa anapatikana."

Alinitazama, akafungua droo, akanipa betri nyingine.

Sasa nimestaafu, nakaa Kilakala. Wajukuu huniletea simu zao za kioo niwaangalizie betri kama ni nzima, na wakilala nazo zikichajiwa kitandani nawafokea bila aibu. Magari niliyopanda na mikutano niliyokalishwa nimeisahau. Sauti za watu nimebaki nazo.

Bibi Koleta alishatutoka, Mungu amrehemu. Lakini Jumapili, watu wakitoka misa, simu yangu huita. Ni Pius. Hana shida wala habari mpya.

"Nimepiga tu, mama," husema.

"Nipo mwanangu," namjibu.