Salamu Zilizopita Juu ya Urambo

Wiki iliyopita niliangalia kwenye simu ile filamu ya watoto wachawi wanaokua shuleni kwao, na imeniudhi mpaka leo.

Niliiona mara ya kwanza nikiwa mdogo, Sikonge, mchana mmoja, kwenye kibanda cha video kilichonuka jasho na karanga. Kaka Masudi, mtafsiri wetu, alishika maiki akawasemea wote kwa Kiswahili, wachawi na walimu wao. Watoto walipopaa na fagio zao akasema, "Sasa wako juu ya Urambo!"

Baba yangu alikuwa Urambo. Alikwenda kulima tumbaku, misimu miwili hajarudi. Nikasimama, nikapiga kelele, "Mwambieni baba arudi!"

"Kaa chini wewe, unatuziba!" Watu wakacheka.

Kaka Masudi hakucheka. Kwenye picha mchawi mdogo akafungua mdomo, na maiki ikasema, "Jamani, baba yake Neema tumemwona pale, anakausha tumbaku. Anasema anamkumbuka mwanawe sana."

Nilikimbia hadi nyumbani. Mama alikuwa anatwanga. Akasikiliza yote, mchi mkononi, kisha akasema tu, "Kumbe," akaendelea kutwanga kwa nguvu zaidi.

Baba hakurudi, lakini nilikua nikijua kwamba ananikumbuka.

Sasa kwenye simu maneno yameandikwa chini. Nilikirudisha kile kipande mara tatu. Mtoto anafungua mdomo, anazungumzia mtihani. Filamu kubwa namna ile, wanapaa dunia nzima, wameshindwa hata kubeba salamu!